Hawajatengwa, Wako Ndani

Mama yangu, Atuganile, huamka kabla ya mtu yeyote mtaani kwetu Madale, na kitu cha kwanza anachofanya si kusali wala kuchemsha chai. Anakwenda kumsalimia kuku. "Ugonile," anamwambia, yaani umelalaje, kwa Kinyakyusa cha kwao Tukuyu, kisha anasimama na kusubiri kama mtu anayesubiri jibu. Saa hizo ukungu unakuwa bado umelala bondeni, mabati ya nyumba za chini yanaonekana nusunusu, na mimi niko dirishani na usingizi wangu. Siwezi kuapa kwamba kuku hajawahi kumjibu.

Kuku mwenyewe anaitwa Kishingo. Hana manyoya shingoni, ndivyo alivyoanguliwa, na ukimwona mara ya kwanza unaweza kudhani kuna mtu alianza kumnyonyoa akaghairi. Mama hapendi mzaha huo. Ukiutoa mbele yake anakuuliza kama kwenu mlizaliwa wazuri wote.

Nitaeleza huyu kuku ametoka wapi, maana bila hivyo utamwona mama yangu ni mtu wa ajabu tu, kama wanavyomwona wengi.

Mama alipokuwa binti alipata mimba kabla ya ndoa. Mimba hiyo ni mimi, Tupokigwe. Kanisani kwao kijijini jina lake likasomwa Jumapili mbele ya watu wote, kwamba ametengwa. Kutengwa si kufukuzwa. Unakuja ibadani kama kawaida, ila unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, huimbi kwaya, hukaribii meza ya Bwana, na watu waliokuwa wakikusalimia kwa mikono miwili wanaanza kukupungia kwa mbali. Ukisimama ukatubu mbele yao, ndipo wanasema umerudi kundini. Mama alikaa benchi lile Jumapili chache, tumbo likikua, kisha akapanda basi la Dar es Salaam.

Bibi alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa mtu wa kuogopa wazee wa kanisa, hakuwa amesema neno tangu jina liliposomwa, na hata siku hiyo hakusema. Ila walipokumbatiana alimtumbukizia mwanawe kitu chini ya khanga, kitu chenye joto na moyo unaodunda. Kilikuwa kijitetea cha kishingo. Safari nzima mama alikipakata tumboni, na mimi nikiwa upande wa pili wa ngozi, kwa hiyo naweza kusema yule kuku na mimi tuliingia Dar tumelaliana. Wakati mwingine nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu barazani, mchana jua linapolegea na kuku wanaoga vumbi, nahisi nakumbuka ile safari. Najua haiwezekani.

Bibi alifariki kabla hawajaonana tena. Kishingo ni wa uzao wa yule kuku.

Mama alifanya kazi ya kupiga chapa ofisini hadi akastaafu, akapanga vyumba Temeke, akapanga Mbagala, akapanga kwingine nisikokumbuka, na kote alihama na kuku wake, wakati fulani wakilala chini ya kitanda chetu. Wenye nyumba walinung'unika. Yeye aliwapelekea mayai, wakanyamaza. Kiwanja cha Madale alikinunua wakati huku bado ni vichaka, akajenga kidogokidogo, na uani akawajengea kuku banda zuri kuliko jikoni kwetu. Kanisa hakuacha, anakwenda kila Jumapili kanisa la hapa jirani ambako hakuna anayejua habari zake. Lakini hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia akae pale.

Mimi nina hasira za karibu, zinawaka na kuzima kama kiberiti. Mama hana hasira za hivyo. Zake ni za jiko la pumba, huoni moto wala moshi, lakini ukigusa unaungua. Na zilikuwa zimejificha ndani ya neno moja. Kwetu hakuna kitu kinachotengwa. Chakula hakitengwi mezani, kinaandaliwa. Sukari ya wageni haitengwi, inawekwa kando. Nimekua nikilikwepa neno hilo kama mtu anavyokwepa shimo la mlangoni kwake, bila kufikiri. Hata lile kapu la fito wanalosafirishia kuku, ambalo dunia nzima inaliita tenga, mama analiita kapu.

Neno hilohilo ndilo lililotuponza miaka miwili iliyopita.

Wakati huo uani palikuwa pamejaa. Asubuhi mama akifungua banda walikuwa wanamwagika kama watoto wa shule kengele ikilia, na wote, weusi kwa wekundu, walikuwa na shingo tupu. Akaja mtu kutoka Chanika anauza jogoo, pande la jogoo, kifua mbele. Mama akampenda. Wakati ule Stanley, kijana mwenye duka la dawa za mifugo Tegeta, alikuwa amekuja kutuletea pumba, akamwona yule jogoo amefungwa miguu akasema kwa adabu zote, "Mama, huyu ni mgeni. Mtenge kwanza pembeni umwangalie afya, usimchanganye na wenzake. Na wale wako tuwachanje."

Niliona uso wa mama ukifunga. "Kwangu hatengwi mtu," akasema, "sembuse kuku." Akainama akamfungua kamba jogoo, akampiga kibao kidogo cha mgongoni, na jogoo akakimbilia kwa wenzake kwa furaha.

Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, hakina haraka ya kuonekana. Kwanza jogoo akawa anasinzia juani. Kisha mitetea wawili wakaanza kuharisha kijani, mmoja akapinda shingo akawa anatazama mbingu na kuzunguka palepale alipo. Stanley alirudi, akachuchumaa, akasema kideri hakina dawa, kina chanjo tu, na chanjo ni ya aliye mzima. Hakusema nilikwambia. Walikufa banda zima. Mama aliwafukia chini kule kwenye migomba, akarudi akakaa kwenye ngazi na manyoya yamemnata kwenye gauni, wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Aliyebaki ni Kishingo peke yake, na alibaki kwa sababu alikuwa ndani. Alikuwa ameatamia stoo, nyuma ya gunia la mkaa, mlango umefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji na punje. Mayai yake yaligeuka viza, lakini yeye alitoka mzima, akasimama kwenye ua ule mkubwa mtupu, akaita mara moja mbili. Hakuna aliyeitika.

Tangu hapo wakawa wawili, mama na Kishingo. Tulimchanja, tone la jichoni, na chanjo ikipita muda wake tukairudia. Alitaga mayai yasiyo na jogoo, tukayala. Lakini kuku anazeeka, na mama alijua kama mimi nilivyojua kwamba Kishingo akifa bila kuacha kifaranga, kile alichopewa chini ya khanga kimekwisha. Nilimwambia tutafute jogoo mwingine. Alitikisa kichwa. Akileta mgeni akamwachia, anaweza kumuua Kishingo kwa mkono wake. Na kumweka peke yake hakuweza. "Siwezi, Tupo," aliniambia siku moja, bila kunitazama. "Nikimwona kiumbe kakaa peke yake kwa amri yangu, nitajiona mimi ndio wao."

Kisha mjomba Lusungu akapiga simu kwamba anakuja.

Mjomba Lusungu ni kaka mkubwa wa mama. Jina lake kwetu linamaanisha huruma, na nimelichekea peke yangu mara nyingi, kwa sababu siku ile kanisani mzee wa kanisa aliyesimama kusoma jina la mama alikuwa yeye. Hawakuwa wamegombana. Walisalimiana kwa simu Krismasi na Pasaka, habari za huku, habari za huko, mvua zimenyesha, basi. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na alipewa miadi ya upasuaji huku Dar, jicho moja kwanza na jingine baadaye.

Alishuka kwenye bajaji mlangoni kwetu akipapasa njia kwa fimbo, koti la suti kwenye joto lile, na nyuma ya bajaji palikuwa na tenga limefungwa kwa mpira.

"Shikamoo kaka," mama akasema.

"Marahaba, Atu. Nimekuletea kitu." Akalipapasa lile tenga mpaka akalipata, akaweka kiganja juu yake. "Jogoo na mitetea wawili. Wa uzao wa mama. Kwetu walishakwisha, nimewatafuta mpaka kijiji cha pili, kwa watu aliowagawia mwenyewe. Wafungulie wapajue kwao."

Nilichungulia katikati ya fito. Shingo tatu tupu, nyekundu, zilinichungulia na mimi. Moyo ulinipiga kwa furaha, kisha nikaona mkono wa mama unakwenda kwenye kamba ya kifuniko, na kule chini ya mgomba Kishingo kainua kichwa anasikiliza.

Kuku wa zawadi hafichwi, hilo kila mtu analijua. Unampokea mbele ya aliyekuletea, unamwachia uani anamwona anadonoa. Ukimpeleka kumfungia nyuma ni kama kumwambia mpishi, sijui umenipikia nini.

"Mama, usifungue!" nikasema. "Mjomba, samahani, ni lazima watengwe kwanza."

Neno likawa limeshatoka. Mama aliondoa mkono kwenye kamba kama aliyeungua. Mjomba aligeuza uso huku na huku na macho yake ya maziwa, akinitafuta. "Watengwe?" akauliza. "Kuku wa mama watengwe? Wana kosa gani?"

Hapo hasira zangu zilipanda hadi utosini. Nilitaka kumuuliza hivi wewe, Lusungu mwana wa fulani, una ulimi wa kuuliza swali hilo katika ua huu? Lakini mama alinitazama jicho lile ninalolijua, nikameza. Akaingia jikoni. Mjomba akakaa barazani akijipepea kwa kofia, amekasirika. Tenga likabaki katikati ya ua, jua linawaka, kuku ndani yake wamepanua midomo wanahema, na mimi nimesimama sijui nimtii nani.

Aliyetuokoa ni Wahiba, jirani wa duka. Wao ni Waarabu wa hapahapa, biashara ya duka walianza kina babu, na ana sauti inayofika kwa mteja kabla ya bei. Binti yake Abrar alikuwa amejifungua siku chache kabla, na mama alikuwa amempelekea supu, kwa hiyo Wahiba alikuwa anarudisha bakuli. Akaliona tenga.

"Yallah! Mnawabanika wazima?"

Mama alitoka, akamweleza kwa sauti ya chini pale mlangoni mwa jikoni. Alimweleza habari za kideri, ambazo Wahiba alizijua, na habari za benchi la nyuma, ambazo sikuwahi kumsikia akimweleza mtu. Wahiba alisikiliza bakuli likiwa mkononi. Kisha akauliza, "Atu, saa hizi Abrar yuko wapi?"

"Si yuko ndani."

"Nimemtenga?"

"Aa, yuko arobaini."

"Haya. Nimefunga mlango, simruhusu kila mpita njia akambebe mtoto. Vyombo vyake mbalimbali, khanga zake mbalimbali, anayeingia ananawa. Na mie asubuhi uji, jioni uji, namkanda, namsimulia umbea wote wa mtaa. Huyo katengwa huyo? Yule ndiye anayekula kuliko wote nyumba nzima, namuonea wivu!" Akaweka bakuli chini. "Waingize ndani wageni wako wakae arobaini yao. Ubaya wa kukaa ndani ni pale asipokuja mtu kukuangalia. Wee utakuja, hutakuja?"

Mama alisimama akilitazama lile tenga, na uso wake ukalegea taratibu, kama nguo iliyolowekwa. Sijamwona mara nyingi hivyo. Kisha akachukua upande mmoja wa tenga, Wahiba akashika upande wa pili.

Upande wa chini wa kiwanja chetu, mbali na banda, kuna kichumba alichokuwa akilala fundi wakati wa ujenzi, kina dirisha la waya na upepo wake unatelemkia bondeni, hauji kwetu. Tulikifagia, tukapaka chokaa, tukamwaga pumba za mbao, tukaegesha fito za kulalia. Stanley alikuja akawakagua mmojammoja, chini ya mabawa, puani, mkunduni, akawapa dawa ya minyoo na tone la jichoni. Mlangoni tuliweka kandambili ambazo hazikuruhusiwa kutoka pale na ndoo ya maji ya sabuni. Sheria ikawa Kishingo ahudumiwe kwanza na wageni baadaye, wala usirudi kwa Kishingo bila kunawa. Mama aliishika sheria hiyo kuliko Stanley mwenyewe.

Akamwambia mjomba, "Kaka, wageni wako wameingia ndani." Mjomba, aliyekuwa haoni, akafikiri ni ndani ya banda. Akaridhika.

Asubuhi yake jogoo akawika. Mjomba alikuwa barazani na chai, akainua uso. "Mbona wangu anawikia kule chini peke yake?"

"Yuko ndani, kaka."

"Ndani gani hiyo ya mbali? Umewatenga, Atu."

"Sijawatenga. Wako ndani."

Alinuna. Mzee mzima alinuna kama mtoto aliyenyimwa andazi, akawa anakula nusu sahani na kujibu kwa kuguna. Kila jogoo akiwika alikuwa anageuza shingo kule chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, sikiliza vizuri, ndivyo kunavyosikika ukiwa mbali na wenzako.

Lakini mama hakuwa na habari na kununa kwa mtu. Zilianza siku ambazo sasa nikizikumbuka naziona zina rangi moja, rangi ya alasiri. Alikuwa akitelemka na kigoda mkono mmoja na mkono wa pili sufuria la pumba za mahindi zilizovurugwa kwa maji ya moto na dagaa waliosagwa, akiuita uji. Anavaa kandambili za mlangoni, anawawekea, anatoka anakaa nje ya waya. Na anazungumza. Mimi kwenye cherehani nilikuwa nasikia sauti tu, inapanda mpaka barazani, Kinyakyusa kilaini nisichokijua vizuri, maneno ya mvua, ya ndizi, ya chai kwenye vilima, majina ya watu waliokwisha kufa. Jogoo alikuwa anaegemeza ubavu kwenye waya anafumba jicho moja. Hata mie nilisinzia, nguo ya mtu ikiwa nusu chini ya sindano, nikaota niko ndani ya khanga, pana joto, na mahali fulani juu yangu kuna mtu anaimba bila kufungua mdomo.

Katikati ya siku hizo mtetea mmoja aliamka jicho limevimba, kamasi puani, anakataa uji. Stanley akaleta dawa. Mama alikaa pale mpaka jua likazama, asubuhi akarudi, mtetea akawa ameshakufa kwenye kona. Alimfukia kwa chokaa, kina kirefu, akachoma pumba za chini zote, akasugua kuta. Wawili waliobaki walipata dawa hiyohiyo wakapona bila hata kulegea, lakini Stanley alisema hesabu irudi mwanzo. Kwa hiyo arobaini ikaanza upya. Kule juu Kishingo alikuwa anachakura chini ya mgomba, mzima, hajui lolote.

Mjomba aliuliza nini kinanuka moshi. Nikamwambia. Nikaongeza, kwa sauti ya upole niliyoitengeneza makusudi, "Mama angefungua lile tenga siku ile, leo tungekuwa tunamfukia Kishingo." Hakuguna. Aligeuza uso kule kunakotoka moshi mpaka chai ikapoa.

Kisha jicho la kwanza likafanyiwa kazi. Bandeji ilipotolewa alirudi nyumbani anashangaa kila kitu, rangi ya ndoo, mvi za dada yake, sura yangu. "Kumbe umefanana na mama," akaniambia, na nikakasirika kwa sababu ilinifurahisha. Alasiri ile akasimama ukingoni mwa baraza, akamwona mama kule chini juu ya kigoda chake, paji la uso limeegemea waya.

"Anafanya nini pale?"

"Anakaa nao, mjomba."

"Kila siku?"

"Kila siku. Aliye ndani haachwi peke yake." Na hapo kiberiti kikawaka, sikuweza kukizuia. "Wewe ulipomtenga mama yangu, nani alikwenda kukaa naye kwenye lile benchi?"

Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno kama lile. Nilisubiri anikemee. Hakunikemea. Jicho lake jipya lilijaa maji, akalifuta haraka kwa kiganja, maana aliambiwa lisiingie maji. "Hakuna," akasema.

Kesho yake alichukua kigoda cha jikoni akatelemka bila fimbo. Alinawa. Alivua viatu vyake vya kanisani akavaa kandambili, akakaa upande wa pili wa dirisha. Mama hakumtazama, ila alisogeza sufuria lisimzuie. Walikaa hivyo siku nyingi, mmoja huku mmoja kule, kuku katikati, na sauti zilizokuwa zikinifikia sasa zikawa mbili. Sikujua walisema nini. Mara moja nilimsikia mama akicheka kicheko cha msichana, nikasimamisha cherehani kusikiliza, lakini kilikuwa kimepita.

Arobaini ilipotimia hatukuwamwaga ghafla. Stanley alisema waonane kwanza. Tukaweka wavu uani, wageni huku na Kishingo kule, siku kadhaa, akawatunishia manyoya machache aliyonayo na kuwatukana kwa kikuku hadi akachoka. Kisha jioni moja, kiza kikianza na Kishingo ameshapanda kwenye fito, mama alimchukua jogoo kwapani, mjomba akamchukua mtetea, wakaingia bandani polepole, wakawaketisha mmoja kila upande wake. Kishingo alifungua jicho, akalifumba.

Asubuhi sote tulikuwa uani kabla ya ukungu kuondoka. Wahiba alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga, ule wanaopewa waliojifungua, na nyuma yake Abrar, aliyekwisha kutoka arobaini zamani, na mtoto wake. "Mtu akitoka ndani hatoki mikono mitupu," akasema Wahiba. Akammiminia mjomba kikombe cha kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Mama akafungua banda. Kishingo alitoka wa kwanza, kama mwenye nyumba. Mtetea akafuata, akadonolewa mara moja kichwani apajue mahali pake, akanywea. Kisha akatoka jogoo. Alisimama, akajikung'uta, akaushusha ubawa mmoja mpaka ukagusa vumbi, akamzunguka Kishingo hatua za madaha. Kishingo alijifanya hajaona. Kisha akachuchumaa.

Abrar alicheka akamfunika mtoto macho. Wahiba akapiga kigelegele. Mama alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Haya," mjomba akasema kwa furaha, kikombe mkononi, "wamerudi kundini."

Neno la kanisani lilimtoka lenyewe, na nikaona linavyomrudia. Furaha ilimkauka usoni. Alitazama kuku, akatazama kile kikombe ambacho hakuwa amekionja. Kisha akatembea mpaka alipo mama, mzee wa kanisa mwenye koti lake, akakunja magoti kidogo kama anavyoinama mdogo kwa mkubwa, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Atu," akasema. "Huu ulikuwa wako. Tungekuweka ndani, tukuletee uji. Sisi tukakutenga. Nisamehe."

Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Mama alikipokea kikombe. Alikishika muda mrefu kwa viganja vyote viwili, chini ya kidevu, mvuke ukimpanda usoni, akiwatazama kuku wa mama yake wakichakura.

"Umechelewa, kaka," akasema.

Akaonja. "Lakini bado wa moto."

Akaunywa wote.